Karatu: Mji unaosubiri bei kutoka India na wageni kutoka Ulaya

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Arusha kwa basi la asubuhi, ukapita Makuyuni na Mto wa Mbu, ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto, unaanza kuona udongo mwekundu. Unapita Rhotia, na muda si mrefu unaingia Karatu, takriban kilometa 150 kutoka Arusha. Mji umejipanga kufuata barabara kuu: vituo vya mafuta, nyumba za wageni, maduka ya pembejeo, gereji, maghala ya wanunuzi wa nafaka na magari ya watalii yanayokwenda Ngorongoro.

Watalii wengi huiona Karatu kama mahali pa kulala kabla ya kushuka kreta. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, Karatu ni soko. Hapa ndipo mahindi ya Endabash, mbaazi za Rhotia, ngano ya Mbulumbulu, kahawa ya Oldeani na vitunguu vya Mang'ola vinapokutana na fedha. Mji huu unaishi kwa shamba na kwa barabara, na kwa bahati mbaya bei za vyote viwili hupangwa mbali na hapa.

Katika kipindi cha miaka minne, kati ya mwaka 2017 na 2020, Karatu ilipigwa pande zote mbili. Kwanza bei ya mbaazi ilianguka, kisha watalii wakapotea. Makala haya yanaeleza jinsi uchumi wa mji huu unavyofanya kazi, na yale ambayo mkulima anaweza kujifunza ili mapigo ya namna hiyo yasimkute tena mikono mitupu.

Mji ulivyokua

Wilaya ya Karatu ilimegwa kutoka wilaya ya Mbulu katikati ya miaka ya 1990. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao katika karne ya 20 walitoka milima ya Mbulu wakasogea kaskazini kutafuta mashamba na malisho. Wapo pia Wabarbaig, Wamaasai na, upande wa bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 230,166 katika wilaya nzima, na ile ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi 280,000.

Kilimo cha biashara si kigeni hapa. Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na kwenye miteremko inayopakana na msitu wa Ngorongoro katika miaka ya 1920 na 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba hayo yalibadilisha mikono, na ngano ikashika kasi upande wa Mbulumbulu. Hadi leo kahawa ya nyanda za juu za Karatu ina jina sokoni, na wako wakulima wanaolima shayiri kwa mkataba na viwanda vya bia.

Kilichoubadilisha mji zaidi ni lami. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilijengwa kwa msaada wa Japani. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima wakati wa mvua ikawa ya saa chache. Hoteli na kambi za watalii ziliongezeka, na pamoja nazo wakaongezeka wauza mboga, mayai, maziwa na nyama. Aidha, lori la mnunuzi wa Arusha au Nairobi likaweza kufika na kurudi bila kuhofia kukwama njiani.

Kwa hali ya hewa, wilaya hii ina kanda tatu. Nyanda za juu karibu na msitu hupata mvua ya kutosha kahawa na ngano. Ukanda wa kati ndio wa mahindi, maharage, mbaazi na ngwara. Bonde la Eyasi ni kavu, mvua yake ni haba, lakini lina chemchemi. Maji ya kanda zote hizi yanategemea kwa kiasi kikubwa msitu wa nyanda za juu ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Msitu huo huo ndio unaotoa tembo na nyati wanaoingia mashambani usiku, kero ambayo wakulima wa pembezoni wanaijua vizuri.

Mbaazi: zao la mkopo wa mvua

Mkulima wa ukanda wa kati hupanda mbaazi pamoja na mahindi. Mahindi yakivunwa, mbaazi hubaki shambani, mizizi yake ikifuata unyevu chini, na huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Kwa hiyo ni zao ambalo mkulima hulipata juu ya mahindi, bila kulima upya na mara nyingi bila mbolea. Majani yake yanayodondoka hurutubisha udongo, na miti yake ni kuni.

Kwa miaka mingi adui mkubwa alikuwa ugonjwa wa mnyauko. Watafiti wa kituo cha Selian mjini Arusha, wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, walitoa mbegu zinazovumilia ugonjwa huo. Iliyojulikana zaidi ni Mali, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye ikaja mbegu iliyopewa jina la mji wenyewe, Karatu 1. Mavuno yalipanda, na mbaazi ikatoka kuwa zao la pembeni ikawa fedha ya ada ya shule.

Tatizo la mbaazi ni soko. Watanzania hatuli mbaazi nyingi kavu, ukiacha watu wa pwani na Zanzibar wanaozipika kwa nazi. Mbaazi za Karatu, Babati na Kondoa huliwa India, nchi inayolima na kula mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Huko huitwa tur au arhar, hukobolewa, hupasuliwa na kupikwa kila siku katika mamilioni ya nyumba.

Mwaka 2015 India ilikuwa na ukame, na bei ya mbaazi zilizokobolewa katika miji yake ilifikia karibu rupia 200 kwa kilo. Bei hiyo ilitufikia mpaka huku, na msimu huo mkulima wa kaskazini aliuza kilo moja kwa zaidi ya shilingi 2,000. Wengi waliongeza ekari.

Lakini mkulima wa India naye aliiona bei hiyo hiyo. Mvua zikawa nzuri mwaka 2016, na mavuno ya mbaazi ya India yakapanda kutoka takriban tani milioni 2.6 hadi karibu tani milioni 4.9 kwa msimu mmoja. Maghala yao yalifurika. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka.

Tazama tarehe hiyo. Agosti ndipo wakulima wa Karatu wanapoanza kuvuna. Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa, palizi imelipwa, mzigo uko shambani. Bei ikashuka hadi mamia machache ya shilingi kwa kilo, na wako walioacha mbaazi zikapukutika kwa kuwa gharama ya kuvuna ilizidi bei.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua ekari moja yenye mbaazi gunia nne, yaani kilo 400. Kwa bei ya shilingi 2,000 mkulima anapata shilingi 800,000. Kwa bei ya shilingi 300 anapata shilingi 120,000. Ikiwa kuvuna, kupiga, magunia na usafiri vimemgharimu shilingi 150,000, amefanya kazi kwa hasara ya shilingi 30,000, na bado hajahesabu jasho lake.

Zuio hilo liliondolewa Mei 2021, na tangu hapo ruhusa ya kuingiza mbaazi India bila kikomo imekuwa ikitolewa kwa vipindi na kuongezwa. Mwaka 2023, baada ya mavuno ya India kupungua, bei zilipanda tena. Hata hivyo mkulima asisahau kwamba ruhusa inayotolewa kwa kipindi inaweza pia kusitishwa kipindi kikiisha.

Mji wa upande wa pili

Ili kuelewa mbaazi zetu zinakokwenda, ni vizuri kuutazama mji mmoja wa India unaofanana na Karatu kwa kazi ingawa unauzidi kwa ukubwa. Mji huo ni Latur, katika jimbo la Maharashtra. Sensa yao ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu 380,000. Kwa India huo si mji mkubwa. Unazungukwa na mashamba ya mbaazi, soya na miwa, na unajulikana kwa mambo mawili: soko la mazao jamii ya kunde, na shule za kuandaa vijana kwa mitihani ya vyuo vikuu. Kama Karatu inavyopata fedha za wageni wa Ngorongoro, Latur hupata fedha za wanafunzi wanaopanga vyumba mjini.

Latur ina mambo mawili ya kutufundisha.

La kwanza ni zuri. Latur haiuzi mbaazi ghafi tu. Mjini humo kuna viwanda vingi vya kukoboa na kupasua. Mkulima hupeleka mzigo kwenye soko la mnada linaloendeshwa kwa sheria, mzigo unapimwa kwa mizani, na bei ya siku inatangazwa. Mwenye kiwanda hununua, hulowesha punje kwa maji na mafuta kidogo ili ganda lilegee, hukausha juani, kisha hukoboa na kupasua. Kilo 100 za mbaazi hutoa takriban kilo 70 za punje zilizopasuliwa. Maganda na chenga huuzwa kama chakula cha ng'ombe. Kazi ya ukoboaji, magunia, usafiri na mabaki, vyote vinabaki mjini.

Sisi tunauza gunia kama lilivyotoka shambani. Ajira ya kukoboa tunaisafirisha pamoja na mbaazi, na India ikifunga mlango hatuna pengine pa kupeleka, kwa sababu mlaji wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam anayenunua mbaazi zilizokobolewa dukani hanunui gunia la mbaazi zenye maganda.

La pili ni la kuogopesha. Katika miaka ya ukame wakulima wa eneo la Latur waliendelea kulima miwa, zao linalokunywa maji mengi, na visima vikachimbwa kila mahali. Mwaka 2016 mji ulikauka. Kuanzia Aprili mwaka huo serikali ilipeleka maji kwa treni kutoka Miraj, umbali wa zaidi ya kilometa 300, na treni hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa. Mji wenye soko zuri la mazao ulifika mahali pa kusubiri maji ya kunywa kituoni. Mkulima wa Mang'ola na aisome habari hii mara mbili.

Mang'ola: vitunguu, maji na rumbesa

Ukishuka kutoka Karatu kwenda bonde la Eyasi, kwa barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi, unafika Mang'ola. Chemchemi ya Qangded na nyinginezo ndizo zinazolisha mifereji ya vitunguu. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola vinajulikana kutoka Arusha mpaka Nairobi. Mbegu iliyoenea huko inaitwa Bombay Red, jina linalotukumbusha tena India, na wakulima wenyewe wamekuwa wakichagua na kutunza mbegu yao inayoitwa Mang'ola Red.

Kitunguu kinalipa, na kwa sababu kinalipa, watu wameongezeka na mashamba yameongezeka. Chemchemi hazikuongezeka. Mkulima wa juu akifungua mfereji kwa muda mrefu, wa chini anapata matope. Vikundi vya watumia maji hupanga zamu, lakini zamu huvunjwa hasa kiangazi ambapo bei ni nzuri na kila mmoja anataka kuwahi. Kila jembe linalosogea karibu na chanzo, na kila mti unaokatwa msituni juu, unapunguza maji ya msimu ujao. Latur ilikuwa na reli ya kuletewa maji. Mang'ola haina.

Kero nyingine ya Mang'ola ni rumbesa. Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Lakini mnunuzi huja na gunia lililoongezewa kilemba cha nyavu, na mkulima mwenye mzigo unaoanza kuota hana ubavu wa kubishana.

Hapa pia tufanye hesabu ya mfano. Gunia la rumbesa likiwa na kilo 130 na mkulima akalipwa bei ya gunia la kilo 100, amegawa kilo 30 bure. Kama kilo moja ni shilingi 800, amepoteza shilingi 24,000 kwa gunia moja. Akiuza magunia 60 amepoteza shilingi 1,440,000. Fedha hiyo inatosha kununua mizani ya kikundi na ikabaki. Mkulima mmoja akidai mizani, mnunuzi anahamia kwa jirani. Kijiji kizima kikidai mizani, mnunuzi hana pa kuhamia. Kwa hiyo dawa ya rumbesa ni ushirika, na Wakala wa Vipimo wanafaa kuitwa kabla ya msimu, wakati mzigo haujafika barabarani.

Wageni walipopotea

Turudi mjini. Wakati wakulima wa mbaazi wakijaribu kusimama, mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Idadi ya watalii walioingia Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Kwa Karatu, hilo lilionekana sokoni kabla ya kuonekana kwenye takwimu. Hoteli zilizofungwa haziagizi nyanya, karoti, mayai wala maziwa. Mkulima wa bustani aliyepanda saladi na brokoli kwa ajili ya mpishi wa hoteli hakuwa na mlaji mwingine, kwa kuwa mama lishe wa stendi hapiki brokoli.

Utalii umerudi. Mwaka 2023 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8. Lakini somo limebaki: mkulima wa bustani wa Karatu awe na mazao ya hoteli na mazao ya soko la kawaida katika shamba moja. Kabichi, nyanya na vitunguu maji huuzwa hata mgeni asipokuja. Pia wapo wateja wasiotegemea ndege: wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro hawaruhusiwi kulima, na mahindi yao mengi hutoka sokoni Karatu.

Mkulima afanye nini?

Kama mchumi kilimo, sina uwezo wa kumwambia mkulima bei ya mwakani. Anayedai kuijua anadanganya. Lakini kuna mambo ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaweza kuyafanya.

Kwanza, fuatilieni mvua za India. Mbaazi zao hupandwa Juni na Julai, na huvunwa kuanzia Desemba. Zetu hutoka Agosti hadi Oktoba, wakati akiba yao imepungua na mpya haijavunwa. Huo ndio mwanya wetu. Mvua zao zikiwa mbaya kati ya Juni na Septemba, usikimbilie kuuza kwa mnunuzi wa kwanza. Zikiwa nzuri sana baada ya mwaka wa bei kubwa, uza mapema, na usiongeze ekari msimu unaofuata. Simu ya mkononi inatosha kupata habari hizo.

Pili, usiache mbaazi isimame peke yake. Ngwara inasitawi Karatu, inahifadhi udongo, na walaji wake wako Kenya, wanaoiita njahi. Zuio la India haliigusi. Mwenye ekari tatu anaweza kugawa mbaazi mbili na ngwara moja, na maharage kidogo ya chakula.

Tatu, uzeni kwa pamoja. Mfumo wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania vimeanza kutumika kwa mbaazi katika mikoa kadhaa. Una kasoro zake, hasa malipo yakichelewa na makato yasipoelezwa. Mkulima aulize mambo matatu kabla ya kupeleka mzigo: nitakatwa nini, nitalipwa lini, na nani atasimamia mizani. Kikundi kinachouliza maswali hayo kwa maandishi hupata majibu kuliko mtu mmoja mlangoni kwa ghala.

Nne, tukoboe. Mashine ya kawaida ya mahindi haifai, kwa kuwa huvunja punje. Inahitajika mashine ya kazi hiyo, sakafu ya kukaushia na mtu anayejua ulowekaji. Kikundi au mfanyabiashara wa Karatu mwenye ghala na umeme anaweza kuanza na mzigo mdogo, akauza kwa maduka ya Arusha na Moshi na kwa hoteli zinazopokea wageni wanaokula vyakula vya Kihindi. Asianze kwa mkopo mkubwa. Aanze na wateja, kisha mashine.

Tano, tuwe na daftari. Wakulima wengi wanajua waliuza shilingi ngapi, wachache wanajua walitumia shilingi ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Aliyeandika gharama zake mwaka 2016 alijua mwaka 2017 bei ya chini anayoweza kuikubali. Asiyeandika aliuza kwa bei aliyoambiwa.

Halmashauri nayo ina wajibu wake. Ushuru wa mazao unaokusanywa kwenye mageti ya Karatu unatoka kwenye gunia la mkulima. Ni haki sehemu yake irudi kama mizani sokoni, ubao wa bei za siku stendi, na ulinzi wa vyanzo vya maji kule Mang'ola. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kusubiri mfadhili.

Msimu ujao wa mbaazi utakapofika, malori yatapanga foleni tena kwenye maghala ya Karatu na madalali wataanza kupita vijijini na bei yao ya kwanza. Siku hiyo mkulima awe ameshajua mambo mawili: mvua za Maharashtra zilikuwaje, na kilo moja ya mbaazi zake imemgharimu shilingi ngapi. Akiyajua hayo, hata bei ikiwa mbaya, ataamua mwenyewe kama atauza, atahifadhi au atabadilisha zao.